Mwanga Kichwani mwa Mtoto Njiti: Kipimo Kipo, Faida Bado

Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Damu ikikatika humo kwa dakika chache tu, seli huanza kufa. Ndiyo maana madaktari wametafuta kwa miaka mingi njia ya kuifuatilia damu hiyo pale pale kitandani, bila kumtoboa mgonjwa wala kumpeleka kwenye mashine ya MRI.

Mwaka 1977 Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alionyesha kwamba mwanga wa infraredi hupenya ngozi na fuvu hadi kufika kwenye ubongo. Himoglobini iliyobeba oksijeni huufyonza tofauti na ile iliyokwisha kuitua, na kwa tofauti hiyo kifaa hukadiria oksijeni iliyomo. Ila oksijeni ni jambo moja na mwendo wa damu ni jingine, ingawa mara nyingi huchanganywa. Mwendo hupimwa kwa leza: chembe nyekundu zikipita, madoa ya mwanga uliotawanyika hubadilika, na kadiri yanavyobadilika upesi ndivyo damu inavyokwenda kasi. Mbinu zote mbili huishia sentimita chache chini ya ngozi. Kiharusi kilichotokea ndani kabisa haziwezi kukiona.

Mtoto njiti, mwenye fuvu jembamba, ndiye aliyetarajiwa kunufaika zaidi. Jaribio la SafeBoosC III liliwahusisha njiti 1,601 waliozaliwa kabla ya wiki 28. Nusu yao walitibiwa kwa kufuata kipimo cha oksijeni ya ubongo katika saa 72 za mwanzo. Matokeo yalitoka mwaka 2023: asilimia 35.2 yao walifariki au kuumia vibaya ubongo, dhidi ya asilimia 34.0 ya waliopata huduma ya kawaida. Kitakwimu, hakuna tofauti. Kipimo kilikuwepo, lakini tiba iliyokifuata haikuwaokoa.

Kuna pia suala la rangi ya ngozi, ambalo halipaswi kuachwa mwishoni mwa ripoti. Melanini, inayoipa ngozi rangi, nayo hufyonza mwanga. Mwaka 2020 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba oksimita za kidoleni, zinazopima oksijeni kwa mwanga, zilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe. Teknolojia ya kupima ubongo kwa mwanga ni ya ukoo huo huo. Hii haimaanishi kwamba haifai Afrika: huko Keneba, Gambia, watafiti wameitumia kufuatilia ubongo wa watoto wachanga kijijini, mahali ambapo MRI haifiki.

Kwa utafiti, basi, inastahili fedha na juhudi. Kwa wodi ya njiti yenye bajeti finyu, oksijeni ya uhakika, joto la kifua cha mama na wauguzi wa kutosha vinatangulia. Na hospitali yoyote inayotaka kununua mashine hizi imdai muuzaji kwanza matokeo ya majaribio kwa watu wenye ngozi nyeusi. Asipokuwa nayo, zabuni isubiri.