Mkitaka klabu ya gokati, nunueni daftari kwanza

Kila wikendi kuna kijana hapa Nairobi anayelipia dakika kumi za gokati, anapiga selfi akiwa na helmeti kichwani, anaposti, kisha anarudi nyumbani akiamini ameonja mbio za magari. Pole, msomaji wangu. Ulikuwa unazunguka tu. Mbio ni pale ambapo mtu amepima uzani wako, ameandika muda wako, amekupa nafasi ya kuanzia, na mwezi ujao atakusubiri uje ujitetee. Kinacholeta hayo yote ni klabu.

Ndiyo maana nasema hivi bila kuzunguka: sisi vijana tunaopenda magari tunahitaji klabu ndogo za gokati kuliko tunavyohitaji mdhamini mkubwa. Na klabu hizo tunaweza kuzianzisha wenyewe, kwa sababu kazi yenyewe ni ile ile ya chama, ambayo mama zetu wameifanya miaka nenda miaka rudi.

Hamu ya kasi tunayo, hilo halina ubishi. Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, barabara ya Naivasha hujaa watu, mahema na nyama choma. Tunapiga kelele vumbi likipita, kisha tunarudi mtaani. Wengine hamu hiyo wanaimalizia Thika Road usiku wa manane, Subaru dhidi ya Subaru, katikati ya malori na watu wanaorudi kutoka kazini. Tukiamka tunasoma habari mbaya na kulaumu "vijana wa siku hizi". Lakini tuulizane: kijana huyo tulimwonyesha pahali gani pengine pa kukimbilia?

Gokati yenyewe haikuzaliwa kwenye jumba la matajiri. Mwaka 1956, fundi mmoja wa magari ya mbio huko California, Marekani, kwa jina Art Ingels, aliunganisha mabomba ya chuma, akaweka magurudumu madogo na injini ya mashine ya kukata nyasi, akaendesha. Basi. Huo ndio mwanzo wa mchezo mzima. Hata leo, gokati nyingi za kukodisha duniani hutumia injini kama Honda GX200, yenye ujazo wa cc 196. Ukoo huo huo wa injini ndio unaosukuma pampu za maji shambani na jenereta za vibanda. Kwa hivyo fundi wa pampu pale Kirinyaga Road hatashangaa ukimletea kabureta au plagi ya gokati. Ujuzi upo hapa hapa mjini.

Sasa sikiliza kisa cha Michael Schumacher, aliyekuja kuwa bingwa wa Formula 1 mara saba. Baba yake alikuwa mwashi. Mtoto akiwa na miaka minne, baba alimfungia injini ndogo ya pikipiki kwenye kigari chake cha kupiga pedali. Mtoto akaenda kugonga mlingoti wa taa. Wazazi wangeweza kuking'oa kile kijiinjini na kumpiga marufuku. Badala yake walimpeleka kwenye klabu ya gokati katika mji wa Kerpen, Ujerumani. Akiwa na miaka sita akawa bingwa wa klabu hiyo. Angalia vizuri kisa hiki: kipaji kilikuwepo tangu siku ya mlingoti, lakini bila klabu kingeishia pale pale kwenye mlingoti.

Viwanja vya kuanzia tunavyo. Nairobi kuna ule wa Lang'ata Road karibu na Carnivore, upande wa Athi River kuna Whistling Morans, na Pwani kuna uwanja kaskazini mwa Mombasa. Si vingi, na si kila mtaa una bahati ya kuwa karibu. Lakini klabu haihitaji uwanja wake. Inahitaji daftari. Nitakueleza kurasa nne za daftari hilo, kwa sababu klabu nyingi huanza na jezi na nembo, kisha hufa kabla ya mwezi wa tatu.

Ukurasa wa kwanza ni uzani. Injini ya nguvu za farasi tano au sita ni ndogo, na kila kilo inahesabika. Mtu wa kilo 58 akishindana na mtu wa kilo 85 kwenye gokati zinazofanana, yule mwepesi atamwacha mwenzake kwenye kila mnyoofu, na hakuna ufundi utakaoziba pengo hilo lote. Kwa hivyo pimaneni kabla ya mbio, mkiwa na helmeti na viatu. Uwanja ukiwa na vyuma vya kuongeza uzani vinavyofungwa kwenye kiti, mwepesi aongezewe. Kama hauna, gawaneni makundi mawili kwa kilo. Jambo hili ndilo linalofanya msichana wa kilo 55 na jamaa wa kilo 80 waweze kushindana kwa haki. Dada zangu, msikubali kuitwa "mashabiki wa klabu". Mizani ikishasawazisha, anayebaki mbele ni mwenye akili ya kona.

Ukurasa wa pili ni kura. Gokati za kukodisha hazilingani hata siku moja. Moja ina tairi mpya, nyingine breki zake zimechoka, ya tatu inavuta kushoto. Mwenyekiti akianza kujichagulia ile nzuri, klabu imekwisha. Andikeni nambari za gokati kwenye vikaratasi, tieni kwenye helmeti, kila mmoja achomoe mbele ya wote. Halafu kimbieni raundi mbili au tatu, na kila raundi mtu apate gokati nyingine. Mwisho wa siku, bahati mbaya imegawanywa kama ugali wa familia kubwa: hakuna aliyeshiba sana, hakuna aliyelala njaa.

Ukurasa wa tatu ni muda na pointi. Viwanja vingine vina mitambo inayohesabu kila mzunguko. Pale ambapo hakuna, simu mbili na watu wawili makini wanatosha. Andikeni mzunguko bora wa kila dereva, kila mwezi. Hapa ndipo utamu ulipo, kwa sababu unaanza kushindana na wewe wa mwezi uliopita. Umeshuka nusu sekunde? Ulifanya nini tofauti?

Niseme kidogo kuhusu hilo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhindikana nyumbani, na fizikia ya darasani haikuwahi kuniingia. Ya gokati iliniingia kwa makalio. Gokati haina springi wala shoki, na magurudumu yake mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja ngumu, yanazunguka sawasawa. Ukiingia kona, gurudumu la ndani lina njia fupi kuliko la nje, lakini haliwezi kuzunguka polepole peke yake. Kwa hivyo gari limeundwa ili ukikata usukani, gurudumu lile la nyuma la ndani linyanyuke kidogo. Likinyanyuka, unapita laini. Ukikata usukani kwa pupa, gari linateleza, injini inalia na muda unakupotea. Breki nazo, kwenye gokati nyingi, ziko nyuma tu, kwa hivyo ukizikanyaga katikati ya kona utageuka kama pia. Funga breki gari likiwa limenyooka, kisha achilia, kisha kata kona. Anayeonekana kama hafanyi kazi ndiye mwenye kasi.

Ukurasa wa nne ni pesa, na hapa naomba usiruke mstari. Tuseme mko kumi na wawili, kila mtu anatoa shilingi 1,000 kwa mwezi. Hiyo ni 12,000. Mtu mmoja akienda uwanjani Jumamosi mchana na elfu yake, atalipa bei ya mgeni. Mkienda kumi na wawili na 12,000 kila mwezi, tena asubuhi ya siku ya kazi wakati uwanja umelala, mna kitu cha kuzungumza na mwenye uwanja. Pengine atawapunguzia, pengine atawaongezea dakika. Mkikosa yote mawili, tafuteni saa nyingine au uwanja mwingine, lakini nendeni kama kikundi.

Mtaani kwetu kulikuwa na kikundi cha michezo kilichochanga miezi mitano. Mweka hazina alikuwa mmoja, simu ilikuwa moja, rekodi zilikuwa kichwani mwake. Siku moja simu ikazimwa, jamaa akahama, na mpaka leo baadhi yetu hatusalimiani. Hakuna aliyeshindwa kukimbia. Walichokosa ni mistari miwili ya daftari. Basi fanyeni hivi: pesa zote zipitie nambari moja ya M-Pesa, watu wawili wathibitishe kila matumizi, na taarifa isomwe kwenye grupu kila mwisho wa mwezi, hata kama kilichobaki ni shilingi 40.

Na tafadhali, msinunue gokati yenu mapema. Najua raha ya kusema "tuna gari". Lakini gari moja kwa watu kumi na wawili ni ugomvi wenye magurudumu. Litalala kwa nani? Nani atalipia cheni ikikatika na tairi zikiisha? Nani aliliendesha mara ya mwisho? Kodisheni mwaka mzima kwanza. Daftari likibaki safi kwa miezi kumi na miwili, hapo mnaweza kuanza kuulizana kuhusu kununua.

Usalama usiwe wa kubembelezana. Nywele ndefu, leso, hijabu na kamba za hudi zifungwe ndani kabisa, kwa sababu nyuma ya mgongo wako kuna ekseli na cheni zinazozunguka, na watu wamekufa duniani kwa kitambaa kunaswa hapo. Viatu viwe vya kufunika. Bendera ya manjano ikipepea, punguza na usipite mtu. Aliyekunywa hata moja akae kwenye benchi, awe mwenyekiti au mtoto wa mwenyekiti. Mwenye umri chini ya miaka 18 aje na mzazi, au barua iliyotiwa saini na kuthibitishwa kwa simu.

Mkishakomaa, jisajilini. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inataka klabu za michezo ziwe kwa Msajili wa Michezo, na mbio za magari nchini zina shirikisho lake, KMSF. Klabu yenye matokeo ya mwaka mzima na hesabu zinazosomeka inaweza kugonga mlango huo bila aibu. Kikundi chenye jezi pekee kitaambiwa kirudi kesho.

Kuna wataosema huu ni mchezo wa matajiri. Kwenye ngazi ya juu, ni kweli. Mzazi anayempeleka mtoto kushindana Ulaya anatoboa mfuko vibaya. Mimi sikuahidi Formula 1. Nazungumzia Jumanne moja kwa mwezi ambapo kijana wa Umoja au Changamwe anajua nafasi yake, muda wake na kosa la kurekebisha. Katika kikundi hicho kuna atakayegundua anapenda ufundi kuliko usukani. Kuna atakayegundua anajua kuongoza watu au kutunza hesabu. Na yule wa Subaru, akishazoea kupimwa kwa sekunde mbele ya wenzake, huenda akaona Thika Road haina cha kumthibitishia.

Kwa hivyo usiniandikie kuuliza mdhamini atatoka wapi. Wiki hii tafuta watu wanne wanaokuja kwa wakati. Nunueni daftari la kurasa 96, andikeni majina, uzani na mchango wa kwanza, kisha mmoja apige simu uwanjani aulize bei ya asubuhi ya Jumanne. Atakayejibu simu hiyo hajui kama nyinyi ni klabu au ni mabeshte wanne tu. Mwezi wa pili mkirudi na daftari lile lile, atajua.