Georgia Tech au Purdue? Anwani ya mzazi ina neno lake

Kila inapokaribia Mei 1, siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi katika vyuo vingi vya Marekani, baadhi ya nyumba za Waswahili hapa ughaibuni hugeuka baraza. Mtoto anataka uhandisi, amepata barua mbili, moja ya Georgia Tech, nyingine ya Purdue. Baba anasema hiki, mama anasema kile, na mjomba aliye Dar es Salaam anapiga simu usiku kuuliza kipi kina jina zaidi.

Suala la jina tulimalize mapema. Georgia Tech ilianzishwa 1885 na iko katikati ya jiji la Atlanta. Purdue ni ya 1869, nayo iko West Lafayette, Indiana, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mahindi. Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezini, alihitimu Purdue mwaka 1955. Programu za uhandisi za vyuo vyote viwili zimepewa ithibati na ABET, na mwajiri anayemkataa mhandisi kwa kuwa katoka chuo kimoja na si kingine sisi bado hatujamwona.

Tofauti iko kwenye ada, na ada inafuata anwani. Purdue haijapandisha ada yake ya msingi kuanzia 2013 hadi 2025: dola 9,992 kwa mwaka kwa mkazi wa Indiana, na dola 28,794 kwa anayetoka jimbo jingine. Georgia Tech nayo humtoza mkazi wa Georgia kama dola 10,000 hivi, na mgeni zaidi ya dola 30,000.

Sasa chukua familia iliyoko Clarkston, nje kidogo ya Atlanta, ambako wakimbizi wengi wameanzia maisha, wakiwamo ndugu zetu kutoka Kongo. Mtoto aliyemaliza sekondari Georgia kwa alama nzuri, naye ni raia au ana grinikadi, anaweza kupata HOPE, msaada wa jimbo ambao tangu mwaka wa masomo 2023-24 unalipa ada yote ya masomo katika vyuo vya umma. (Fedha zake hutoka kwenye bahati nasibu, mzazi mwenye shaka ya kidini na amuulize shehe au mchungaji wake.) Mtoto huyo akienda Purdue bila ufadhili, miaka minne ni zaidi ya dola 115,000, ada tupu, kabla ya chakula na kitanda. Hayo ni maboksi mangapi ya kubeba?

Kwa familia ya Indianapolis hesabu inageuka. Huko kuna mpango wa 21st Century Scholars kwa familia za kipato kidogo, ambao mtoto husajiliwa akiwa darasa la saba au la nane. Hapo awali wazazi wengi hawakuusikia mpaka muda ulipopita. Na yule anayewaza kumhamishia mtoto kwa shangazi Atlanta mwezi wa Agosti ili apate HOPE asijisumbue, kwani ukazi unahesabiwa kwa miezi mingi kabla ya masomo kuanza.

Lakini HOPE ina mtego wake. Mwanafunzi lazima abaki na wastani wa 3.0, na kila baada ya idadi fulani ya masomo hukaguliwa. Hesabu na fizikia za mwaka wa kwanza Georgia Tech zimewatoa jasho vijana waliokuwa wa kwanza darasani huko walikotoka. Jimbo huongeza nusu alama kwa baadhi ya masomo ya sayansi, ila mzazi aweke akiba ya dharura badala ya kudhani mambo yamekwisha.

Purdue ina mtego mwingine. Wanafunzi wa uhandisi huanza pamoja mwaka wa kwanza, kisha ndipo wanaingia fani. Aliyefanya vizuri hupata anachotaka. Aliyeyumba anaweza kujikuta kwenye fani ambayo hakuiota. Kwa kijana asiyejua bado kama anataka umeme au ujenzi, mwaka huo ni neema. Kwa anayejua, ni wasiwasi.

Kwa wanaotoka nyumbani moja kwa moja, habari ni nzito zaidi. HOPE si yao, na Purdue huongeza ada nyingine kwa mwanafunzi wa kigeni. Tena amri za Rais Trump za Juni na Desemba 2025 ziliziweka Burundi, kisha Tanzania, kwenye orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi vya viza, za wanafunzi zikiwamo. Mtanzania mwenye barua ya Purdue mkononi asilipe hata dola moja ya kushika nafasi kabla ya kuuliza ubalozini hali ikoje siku hiyo.

Na anayekusudia kurudi ajue kwamba cheti cha Atlanta au Indiana hakimfanyi mhandisi Tanzania. TCU lazima ikitambue kwanza, kisha Bodi ya Usajili wa Wahandisi imsajili kama mhandisi mhitimu, na afanye kazi chini ya usimamizi si chini ya miaka mitatu kabla ya kusajiliwa mhandisi kamili. Kwenye dawati hilo atamkuta mwenzake aliyesoma Mlimani, wamejaza fomu zinazofanana.