Arctic Monkeys Hawana Deni Lako

Nianze kwa kuungama, maana najua mtanikumbusha tu. Ile vidio yangu ya tarehe 21 Oktoba, ile nilisema The Car ni muziki wa kuchezewa ukingoja huduma kwa wateja wapokee simu, ndiyo imetazamwa kuliko vidio zangu zote za mwaka huu. Watu wamecheka, wameisambaza, wengine wakaniita msema kweli. Sasa ukweli wenyewe ni huu: nilikuwa nimesikiliza nyimbo nne. Albamu ina kumi. Na hizo nne nilizisikia nikiosha vyombo, simu nimeitumbukiza ndani ya kikombe ndio sauti iongezeke.

Sijaifuta. Ikae pale iniaibishe. Lakini baada ya wiki tatu za kelele siwezi nikanyamaza, kwa sababu naona wengi wetu tunabishana kuhusu hii albamu vile mimi niliipima: kwa kikombe.

Jumamosi tulikutana watu sita kwa rafiki yangu Rongai. Chapati na ndengu, spika moja ya maana, mpango ukiwa tusikize The Car kutoka mwanzo hadi mwisho. Maze, wimbo wa kwanza haukuisha. Mmoja alisema, "Hii bendi ilikufa 2013." Mwingine akamjibu, "Wewe shida yako hujakomaa." Hapo vita vikaanza. Walibishana saa mbili nzima mpaka mita ya stima ikaanza kulia tokeni zinaisha. Na unajua nini? Katika hizo saa mbili hakuna mtu aliyetaja jina la wimbo hata mmoja wa hiyo albamu. Hata mimi.

Huo si mjadala wa muziki. Huo ni watu kugombania nani ni shabiki halisi. Na kambi zote mbili zimekosea.

Tuanze na kambi ya "turudishieni gitaa". Hawa ndio wengi, na Oktoba mimi nilikuwa msemaji wao bila kuulizwa. Kilio chao ni kwamba bendi imewasaliti. Ati Arctic Monkeys ni rock, ni kasi, ni dramu za Matt Helders zikikugonga kifua, na kama hakuna hayo, basi wabadilishe jina. Mmoja alinitupia hadi methali: mwacha mila ni mtumwa.

Sawa. Tuongee mila basi. Hawa ni vijana wa Sheffield walioingia 2006 na Whatever People Say I Am, That's What I'm Not, ikauza zaidi ya nakala 360,000 Uingereza wiki ya kwanza pekee na kuchukua Mercury Prize mwaka huo huo. Nyimbo za mbio, hadithi za vilabu na teksi na mabaunsa mlangoni. Bendi yenye akili ya biashara ingekaa hapo mpaka kustaafu. Wao 2009 wakaenda jangwa la California kwa Josh Homme wakatoa Humbug, albamu nzito na ya giza, na mashabiki wa 2006 wakalia wamesalitiwa. 2011 wakatoa Suck It and See, tamu na laini. 2013 ikaja AM, yenye midundo iliyoazimwa kutoka hip hop, na wale wa kwanza wakasema hii sasa ni pop, wamejiuza.

Hiyo AM ndiyo wewe unaitetea leo kama katiba! Hiyo "zamani" yako ilikuwa usaliti wa mtu mwingine. Mila ya hii bendi ni kuhama. Walipotoa Tranquility Base Hotel & Casino mwaka wa 2018, Alex Turner akiwa ameitunga kwenye piano na kuiweka hoteli mwezini, bila hata wimbo mmoja wa kutangulia kuandaa watu, hawakuwa wanaacha mila. Walikuwa wanaifuata. The Car ni hatua nyingine ya safari ileile. Ukitaka kuwaita watumwa, tafuta sababu nyingine.

Na mbona tunaongea kama watu wanaodai? "Wametukosea." "Wanatudharau." Kwani tuliwakopesha? Ulinunua bando, ukasikiliza AM kwa miaka tisa, ikakubeba form three, ikakubeba ulipoachwa, ikakubeba usiku wa mitihani. Hapo mlimalizana, buda. Ulilipa kidogo ukapata kingi. Kama kuna mwenye deni hapo, si Turner.

Una haki kamili ya kusema hupendi. Sema kwa sauti. Lakini "sipendi" na "nimeibiwa" ni vitu viwili. Ya kwanza inaongea kuhusu wimbo. Ya pili inaongea kuhusu wewe na umri wako ule ambao haurudi, na hakuna bendi duniani inaweza kukurudishia.

Sasa nyinyi wa kambi ya pili msianze kupiga makofi. Nyinyi ndio mnanichosha zaidi.

Nyinyi ndio wa "hamjaielewa". Mtu akisema amechoshwa, mnamwambia akaendelee na TikTok. Mnawacheka watoto waliojua bendi kupitia I Wanna Be Yours, kana kwamba kuna mlango wa heshima wa kuingilia muziki na mwingine wa jikoni. Lakini angalieni vizuri huo wimbo mnaowachekea. Ni wimbo wa mwisho wa AM, maneno yake yametokana na shairi la John Cooper Clarke, na ni wa polepole. Dramu zake ziko chini, hakuna gitaa la kuvunja meza. Kumbe hao watoto waliingia kupitia mlango ulio karibu zaidi na The Car kuliko sisi tulioingia kwa kelele! Badala ya kuwapokea na kuwaambia kuna vingine kama hivi, mnawafungia lango.

Halafu mnatetea albamu bila kuitetea. "Ni sanaa." "Ni ya watu wazima." Hayo si maelezo, hayo ni mapambo. Ukiulizwa wimbo gani, na sehemu gani ya wimbo, unameza mate.

Basi wacha mimi nitaje. Baada ya Jumamosi nilirudi nyumbani na aibu zangu, nikaazima spika ya jirani, nikasikiliza albamu yote, dakika kama thelathini na saba hivi. Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Niliyoyakuta ni haya.

There'd Better Be a Mirrorball inaanza na piano na nyuzi, na Turner hana haraka ya kuingia. Mara ya kwanza nilidhani ni upole wa kuchosha. Mara ya tatu nikaelewa ni wimbo wa mtu anayejua kuachana kumefika na anavuta muda. Huo mwanzo mrefu ndio yule mtu anayesimama mlangoni akitafuta funguo ambazo ziko mkononi. Ukiukata ndio uende kasi, umeua maana yake.

Sculptures of Anything Goes, ambayo Jamie Cook ameshiriki kuitunga, ina mngurumo wa sintesaiza na mashine ya midundo ambavyo kwa kikombe huwezi kuvisikia kabisa. Kwa spika, madirisha yalitetemeka. Mtu akiniambia hii bendi imesahau uzito, nitamuuliza aliisikiza na nini.

Body Paint nayo inajificha. Inaenda taratibu kama haina mpango na wewe, halafu kuelekea mwisho gitaa linapanda, linapanda, na unagundua dakika zote zile zilikuwa zinakuandalia hapo. Gitaa mnalolilia liko hapo! Tofauti ni kwamba unalingoja.

Na sitawadanganya ati kila kitu ni dhahabu. Nusu ya pili inalegea. Mr Schwartz na Big Ideas zina mwendo unaokaribiana sana, na mara zote tatu akili yangu ilitoka ikaenda kutafuta chai. Turner anapenda ile sauti yake ya juu kupita kiasi. Kuna mahali bendi inageuka kuwa fanicha ya chumba anachoimbia. Na Helders, mmoja wa wapiga dramu wakali wa kizazi chake, kuna nyimbo ana kazi ndogo mno. Jambo la kuchekesha ni kwamba ile picha ya gari jeupe kwenye jalada ni yeye aliyeipiga. Nilitamani angepewa nafasi kubwa hivyo ndani ya nyimbo pia.

Umeona? Huo ni ulalamishi, na ni mkali. Lakini unaweza kunijibu. Unaweza kuniambia Mr Schwartz ni tamu mimi ndiye sina subira, tukaucheza tena, mmoja wetu akabadilisha mawazo. "Wametusaliti" utalijibu na nini?

Sasa kwa nini najali hivi kuhusu Waingereza ambao hawajui niko? The Car iliingia nambari mbili kwao, nyuma ya Midnights ya Taylor Swift iliyotoka siku ileile. Watakula, watalala. Kelele zetu za Rongai haziwafikii.

Lakini zinafika mahali. Chuoni tulikuwa na bendi, watu wanne, mimi nikipiga besi vibaya. Tulikuwa na nyimbo zetu saba. Kila tukipanda jukwaani, wimbo wa pili haujaisha, mtu kule nyuma anapiga nduru, "Do I Wanna Know!" Tukaucheza, watu wakaruka. Tukarudi kwa wimbo wetu, watu wakaenda kununua soda. Mpiga dramu wetu, ambaye ndiye alikuwa mtunzi, akaleta wimbo wa polepole kuhusu babake mgonjwa. Ulikuwa bora kuliko vyote tulivyokuwa navyo. Tuliucheza mara moja tu. Rafiki zetu wenyewe, wale waliokuwa wakituunga mkono, wakatuambia, "Siku hizi mmeanza kulala." Si kwa ubaya. Kwa mzaha tu, kama mzaha wangu wa huduma kwa wateja.

Hakutunga tena. Bendi ikaisha bila hata kutangaza kwamba imeisha. Leo anauza vipuri vya pikipiki na mimi naitwa mtengeneza maudhui.

Yeye ndiye alinipigia baada ya ile vidio. Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Bro, uliisikiza yote?" Nikanyamaza. Akasema sawa, akaniuliza mama anaendeleaje, tukaongea mengine.

Arctic Monkeys wana pesa na jina la kuwakinga dhidi yetu. Bendi ya vijana wanne wa Zimmerman haina. Na ile tabia tunayojizoesha kwa wakubwa, ya kuhukumu kwa nyimbo nne, ya kudai jana irudishwe, ya kugeuza kila mabadiliko kuwa usaliti ndio vidio itazamwe, ndiyo tunayoenda nayo siku ya Ijumaa kwa shoo ya watu ishirini. Kule inaua. Halafu tunarudi mtandaoni kuuliza mbona Kenya haina bendi za rock zinazodumu.

Kwa hivyo hii ndiyo sheria yangu mpya, na mkinishika nimeivunja mnichome: albamu yote, mara tatu, kwa spika ya maana, kabla sijafungua mdomo. Halafu nikifungua, nitaje wimbo.

Jumamosi hii tunarudi Rongai. Tokeni nimenunua mimi. Kama unaichukia The Car, karibu sana, wewe ndiye ninakutaka zaidi. Lakini kuja na jina la wimbo.