Damu ya mzee wa Kivu na namba za Ulaya

Mzee wa Kadutu, hapa Bukavu, akitoka labo na karatasi mkononi, macho yanakwenda pembeni. Hapo zimeandikwa namba mbili, ya chini na ya juu, za mtu mwenye afya. Yake ikipita ya juu, moyo unamruka. Lakini huyo mtu mwenye afya ni nani? Aliishi wapi?

Watafiti wanaeleza kwamba mtu akizeeka, chembe za mwili hutumiana ishara za kupambana hata pasipo adui, na ishara hizo huonekana katika damu: interlekini 6, protini ya CRP na nyingine. Ulaya na Marekani wengi wanazichukua kama saa ya uzee. Zikipanda, wanaogopea moyo na figo.

Mwaka 2025 utafiti uliotoka katika jarida la Nature Aging ulilinganisha watu wa Italia na Singapore na Watsimane wa misitu ya Bolivia na Orang Asli wa Malesia. Italia na Singapore, ishara zilipanda pamoja na miaka. Kwa makabila yale mawili, haikuwa hivyo. Damu ya Watsimane ilikuwa na ishara nyingi kwa sababu ya minyoo na maambukizo mengine, lakini hazikwenda pamoja na magonjwa ya uzee.

Kwa jambo hili, mzee wa Kivu anafanana zaidi na nani? Malaria peke yake inapandisha CRP. Mzee aliyeugua juzi anaweza kuambiwa mwili wake umechakaa, kumbe ni mbu.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu, hemoglobini A1c, kinategemea chembe nyekundu zinazoishi siku karibu 120. Malaria na selimundu, ule ugonjwa wa SS, huziua mapema. Namba inashuka, mgonjwa wa kisukari anarudi nyumbani akifurahi.

Kutafuta namba za Wakongo wenyewe ni kazi ya vyuo vikuu na wizara ya afya, nayo itachukua miaka. Ila hakuna kinachomzuia daktari leo kumuuliza mzee kama alipata homa mwezi huu, kurudia CRP akishapona, na kumpima sukari asubuhi kabla hajala. Hicho cha mwisho ni tone moja la damu kidoleni.