VIJANA WA MJINI NA MLANGO WA BENKI



Mabwana wa benki husema ya kwamba vijana wa Nairobi hawajui kuweka akiba. Sisi twakataa maneno hayo. Kijana wa Mukuru apakiaye mizigo katika magodauni ya Industrial Area ana kikundi cha kuchangiana na wenzake, na zamu yake haipiti. Anachokosa ni karatasi ya mshahara. Akienda benki kuomba mkopo huulizwa karatasi hiyo; akienda sacco huulizwa hiyo hiyo, na wadhamini juu yake. Wadhamini atawatoa wapi, ikiwa rafiki zake wote ni vibarua kama yeye?

Kwa nini hana karatasi? Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 20, yamwamuru tajiri ampe mfanyakazi hesabu ya mshahara kwa maandishi, lakini papo hapo yamwacha kibarua nje. Matajiri walilisoma jambo hilo vizuri sana! Ndiyo maana twaona mtu amepita lango moja miaka mitatu, na bado aitwa kibarua wa leo.

Basi kijana hukimbilia simu. Hatusemi simu ni mbaya. M-Pesa, tangu 2007, imetupunguzia taabu ya kupeleka pesa nyumbani. Lakini mkopo wa M-Shwari ulipoanza mwaka 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Mtu aliyekopa Sh. 1,000, akarudisha, akakopa tena kila mwezi, kwa mwaka alilipa ada ya Sh. 900. Na walikuwako wakopeshaji wengine wa simu waliompigia hata mama mkwe na msimamizi wa kazi ili kumwaibisha mdaiwa, mpaka kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zikawakataza.

Sasa twaambiwa dawa ni mafunzo ya fedha. Mafunzo! Kana kwamba kijana hajui hesabu ya njaa yake. Dawa imo katika sheria ile ile, kifungu cha 37: kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, huyo ahesabiwa kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Tajiri asijifiche tena nyuma ya neno "kibarua."

Kwa hiyo kila kijana aandike katika daftari siku zake zote za kazi, pesa alizolipwa na jina la msimamizi, alete kwa mjumbe wetu. Tutamwekea tajiri mezani, na akikataa, tutakwenda kwa Afisa wa Kazi.