Mbio za magari nazo zianzie mchangani

Hakuna mchezaji aliyezaliwa Ligi Kuu. Mbwana Samatta alipovaa jezi ya Aston Villa mwaka 2020 na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, nyuma yake kulikuwa na Genk, TP Mazembe, Simba, African Lyon na vumbi la Mbagala. Kila shabiki wa soka nchini anaijua ngazi hiyo. Mtoto anaanza na chandimu, anapanda ndondo, akikaza anaonekana na timu ya daraja la chini, na mwenye bahati na bidii anafika juu.

Sasa itazame ngazi ya mbio za magari hapa Bongo. Juu kabisa yapo mashindano ya rali, yenye magari ya mamilioni, mafundi wa kulipwa na wadhamini. Chini yake, kwa kijana wa kawaida wa mikoani, hakuna kitu. Ni sawa na kuwa na Simba, Yanga na Azam halafu nchi nzima isiwe na kiwanja hata kimoja cha mchangani. Mchezo wa namna hiyo utaendelea kuwa wa familia chache ambazo baba alishindana na mtoto akarithi usukani.

Ngazi ya chini inayokosekana ina jina. Inaitwa autokrosi, na mahali pa kuianzishia si lazima pawe Dar es Salaam. Wilaya ya Kilosa, kuanzia Mikumi hadi kata ya Lumuma kule milimani jirani na Mpwapwa, ina vitu viwili ambavyo mchezo huu unavihitaji kuliko vyote: udongo, na watu waliozoea kuendesha juu yake.

Anayeifahamu Lumuma anaifahamu kwa vitunguu. Bonde lile linamwagiliwa, linalimwa, na mzigo unaotoka pale unashuka sokoni kwa barabara za udongo zenye kona, mawe na makorongo. Dereva anayeshusha Fuso lililojaa vitunguu kwenye mteremko wenye utelezi anajua kusoma barabara, anajua giya gani ya kushukia, na anajua breki ikipata moto inafanya nini. Gereji za Kilosa na Mikumi nazo zina vijana wanaoweza kushusha injini asubuhi na jioni gari likawaka. Vipaji hivyo vipo, ila havina kipimo. Ni kama fowadi mzuri asiyewahi kuchezewa mechi yenye refa.

Autokrosi yenyewe haina mambo mengi. Ni mzunguko mfupi uliofungwa, wa udongo au majani, kwenye uwanja mpana usio na watu wala magari mengine. Kwa mtindo unaofaa zaidi kwa wanaoanza, magari yanaachiwa moja moja na kila dereva anashindana na saa. Anayemaliza kwa muda mfupi ndiye mshindi. Marekani huchezwa hata kwenye maegesho makubwa ya magari, njia ikichorwa kwa koni, na ukiangusha koni moja unaongezewa sekunde 2. Hapo ndipo patamu pa mchezo huu: mwenye injini kubwa akila kona vibaya anapigwa bao na mwenye gari dogo anayejua kazi.

Majirani wameshaliona hilo. Kenya ina mashindano ya taifa ya autokrosi yaliyogawanywa kwa madaraja. Yapo ya magari yanayosukumwa na matairi mawili bila tabo, yapo ya yenye tabo, yapo ya matairi manne, na yapo hadi ya watoto. Maxine Wahome alipita kwenye autokrosi kabla ya kung'ara kwenye rali. Mwaka 2022 akashinda daraja la WRC3 kwenye Safari Rally, mwanamke wa kwanza kushinda daraja hilo katika raundi ya ubingwa wa dunia. Baba yake alikuwa dereva wa rali, ni kweli. Lakini jina la baba halipunguzi sekunde. Alikuwa na mahali pa kujifunzia, na hicho ndicho binti wa fundi wa Mikumi hana.

Wala Tanzania si mgeni kwenye mchezo huu. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilikuwa ya Afrika Mashariki yote, na njia zake zilipita ardhi ya Tanganyika. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, aliishinda mara mbili mfululizo, mwaka 1966 na 1967, akiwa na Peugeot 404. Lile lilikuwa gari la aina ambayo watu waliliona kila siku barabarani, likiwa limeimarishwa kwa ajili ya barabara mbovu. Leo Iringa ina Mkwawa Rally, na vumbi la Morogoro si geni kwa wapenzi wa mbio. Kilichopungua ni njia ya kumfikisha kijana pale.

Basi kijana wa Lumuma anayetaka kuanza aanzie wapi? Kosa kubwa la wanaoanza ni kukimbilia injini. Kijana anapata Toyota Starlet au Corolla iliyochoka, na pesa ya kwanza anaipeleka kwenye ekzosi yenye kelele, ya pili kwenye tabo iliyotumika. Huko ni kusajili straika wa bei mbaya wakati timu haina kipa. Gari linaenda kasi kwenye mstari mnyoofu, likifika kwenye kona linatafuta mti.

Mpangilio wenye akili unaanza na breki. Zifunguliwe zote, pedi na viatu vibadilishwe, mafuta ya breki ya zamani yamwagwe na mapya yawekwe. Zifuate shokapu na springi, kwa sababu kwenye udongo uliojaa mabonde tairi lililo hewani halisukumi, haligeuzi na halisimamishi gari. Kisha matairi yenyewe, yenye meno ya kushika udongo, na upepo upimwe kabla ya kila mzunguko. Bamba la chuma chini ya injini ni lazima, maana jiwe moja likitoboa sampu mchezo umeisha. Injini ibaki ile ile ya kiwandani, ihudumiwe vizuri tu. Akishamaliza msimu mzima na gari la namna hiyo, atajua mwenyewe kama tatizo lake ni nguvu au ni mguu wake.

Ndani ya gari, viti visivyohitajika, mazulia na kila kinacholegea vitolewe. Betri ifungwe isichezecheze. Mtungi wa kuzimia moto ufungwe mahali dereva anapoufikia akiwa amefunga mkanda. Iwepo swichi ya kukata umeme wote, na mtu aliye nje aweze kuifikia. Mkanda uwe wa mashindano, unaoshika mabega yote mawili na kiuno, na ufungwe kwenye bodi ya gari. Helmeti iwe ya mbio za magari. Ile ya bodaboda iliyokwisha kuanguka mara tatu ibaki kwenye bodaboda.

Halafu kuna kizimba, yale mabomba yanayozunguka ndani ya gari ili likibinuka paa lisimlalie dereva. Hapa mafundi wetu waambiwe ukweli bila kupepesa macho. Bomba la maji si kizimba. Kwa vipimo vya shirikisho la kimataifa, FIA, tao kuu linatakiwa kuwa la bomba la chuma lisilo na mshono, lenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au milimita 50 kwa unene wa milimita 2. Bomba laini lililochomelewa haraka haraka linakunjika pale pale linapohitajika, na mahali pa kuchomelea pakiachia linageuka mkuki. Kama fedha ya kizimba cha kweli haijapatikana, kijana abaki kwenye mzunguko wa mwendo mdogo, tambarare, wa koni na kona za kubana, ambapo gari halipati nafasi ya kubinuka. Atajifunza mengi huko huko.

Wapo watakaouliza, na wana haki ya kuuliza: kwa nini Lumuma ipewe mbio za magari wakati hata kiwanja cha mpira chenye majani ni shida? Hoja hiyo ina uzito. Mpira na jozi moja ya viatu vinagharimu kidogo kuliko tairi moja, na mtoto wa mkulima hawezi kununua gari la kuchezea. Lakini soka nayo haichezwi kwa kila mchezaji kununua mpira wake. Timu inachanga, mpira unakuwa wa timu. Gari moja la klabu, linaloendeshwa kwa zamu na madereva kumi, na saa moja ya kupimia muda, vinatosha kuanzisha ligi ndogo. Anayechelewa kwenye zamu anashika koni, anayeshika koni leo kesho anashika usukani. Na fundi aliyelitengeneza gari likamaliza raundi zote bila kuzimika apewe heshima yake kama kocha aliyepandisha timu daraja, kwa kuwa katika mchezo huu gereji ndiyo benchi la ufundi.

Hoja nzito zaidi ni ya usalama, na ndiyo hasa inayoitetea autokrosi. Vijana wenye magari yaliyoongezwa nguvu wapo tayari, na wanayajaribu. Wanayajaribu barabarani. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako tembo, twiga na nyati wanavuka usiku na mchana, na mabasi na malori hayakatiki. Mahali pa kupimia gari si pale. Kwenye makazi ya watu kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na kipo kwa sababu ya mtoto anayetoka shule na mama mwenye ndoo kichwani. Kijana akiambiwa "acha" bila kuonyeshwa mahali pengine, ataacha askari akiwepo na ataendelea askari akiondoka. Soka iliwatoa watoto barabarani kwa kuwapa kiwanja. Magari nayo yanataka hivyo hivyo.

Ndiyo maana kiwanja chenyewe kisipatikane kiholela. Kilosa inajua maumivu ya migogoro ya ardhi kati ya wakulima na wafugaji, na haihitaji mgogoro wa tatu wa watu wa mbio. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano wa kijiji sauti, na sauti hiyo isikilizwe mapema. Eneo lisiwe shamba la mtu, lisiwe njia ya mifugo, na lisikaribiane na mfereji wa kumwagilia, kwa kuwa mafuta yaliyomwagika kwenye maji ya vitunguu ni hasara ya bonde zima. Watazamaji wakae mbali, nyuma ya kamba, kwenye upande wa ndani wa kona au juu ya kilima, kamwe si pale gari linapoweza kupaa likikosea. Shabiki wa mpira amezoea kusimama kwenye chaki. Kwenye autokrosi chaki inaua.

Gari la wagonjwa liwepo au raundi isianze. Polisi wajue. Gari lililobadilishwa lisiende uwanjani kwa kujiendesha barabarani, lipakiwe kwenye lori. Malori Kilosa hayajawahi kukosekana.

Kuna kazi ya kila mmoja hapa. AAT, chama kinachosimamia mbio za magari nchini, kitoe kanuni fupi za autokrosi ya mwanzo kwa Kiswahili cha gereji, kurasa chache ambazo fundi ataelewa na ataweza kuzibandika ukutani. Kimtume mkaguzi mmoja Morogoro mara chache kwa mwaka akague vizimba na mikanda. Halmashauri ya Kilosa ihesabu autokrosi kama michezo, iache kuiona kama uhuni wa vijana wa magari. Madereva wakubwa wa rali, wanaopita mkoani kufanya majaribio, wabaki siku moja zaidi wafundishe. Wafanyabiashara wa vitunguu wanaochangia jezi za ndondo wanaweza kuchangia seti moja ya matairi.

Mkoa huu ulishawahi kuwafundisha wakubwa adabu. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kule Turiani, ilichukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1999 na ikarudia mwaka 2000, Simba na Yanga wakitazama. Hakuna aliyesema sukari na soka haviendi pamoja. Vitunguu na usukani navyo vinaweza kwenda. Kinachohitajika ni eneo tambarare ambalo kijiji kimeliridhia, koni, saa, gari moja lenye breki nzima, na mtu mzima mwenye mamlaka ya kusema "hili halikimbii leo" na akasikilizwa. Hayo yakipatikana kabla ya msimu wa mvua kurudi, kijana wa Lumuma atakuwa na mahali pa kukosea bila kumuua mtu. Akishapata hapo, sekunde zitasema kama ni dereva.