NANI ALIMSIMAMISHA ALEXANDER?

Shuleni tulifundishwa kumsifu Alexander wa Makedonia. Alipata ufalme mwaka 336 mbele ya Kristu, na kwa miaka michache akashinda Misri, Babeli na Uajemi yote. Hatukatai, alikuwa hodari wa vita. Lakini tutazame na upande wa pili. Mwaka 335 mji wa Thebes, katika Ugiriki, ulimwasi. Akaubomoa, na waandishi wa kale wanasema watu 30,000 waliuzwa utumwani. Majina yao nani anayajua?

Tena, nani alimsimamisha? Si mfalme mwenzake. Mwaka 326, katika Uhindi, kwenye mto Hyphasis, askari wake mwenyewe walikataa kuvuka. Walikuwa wametembea miaka minane, nguo zimeraruka, wenzao wengi wamekufa. Jemadari Coenus akasimama akawasemea. Alexander akakasirika, akajifungia katika hema siku tatu, akingoja wageuze shauri. Hawakugeuza. Basi akarudi.

Alikufa Babeli mwaka 323, mwenye miaka 32. Majemadari wake wakagawana inchi kama nyama ya mawindo, wakapigana miaka mingi. Ufalme ukaisha. Kilichobaki ni mji wa Alexandria katika Misri, na lugha ya Kigiriki, ambayo Injili iliandikwa kwayo.

Tushike neno hili: mfalme huyo alibebwa na miguu ya watu. Siku miguu ile iliposimama pamoja, naye alisimama.